Zikaitwa Nguo za Wagonjwa

Kwetu Akheri, chini ya Mlima Meru, nguo ya nyumbani ilikuwa ile iliyoshindikana kwingine. Gauni la kanisani likichanika kwapani lilishushwa cheo likawa la kwendea sokoni, likipauka likawa la nyumbani, na likishindikana hapo ndipo likawa tambara la kushikia sufuria. Mama yangu alishinda nyumbani na sketi yangu ya sare ya shule ya msingi, ameitanua kiunoni kwa kipande cha kitambaa kingine, na juu alivaa sweta la marehemu baba lisilo na viwiko. Sikuwahi kumwona ameketi ndani ya nguo iliyoshonwa kwa ajili ya kuketi. Hakuwa maskini kuliko majirani. Tulikuwa na kahawa, migomba, na ng'ombe wawili wa ndani. Ila hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu akiwa nyumbani kwake, hatazamwi na yeyote, anastahili kuvalishwa.

Wazo hilo nilikwenda nalo chuoni mjini Arusha. Kilikuwa chuo kidogo cha ushonaji na ubunifu wa mavazi, chini ya kanisa, chenye karakana moja ndefu na cherehani za miguu zilizopangwa madirishani. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa. Watu waliokuwa wamezoea kupanga foleni kwa mita tatu za kitambaa walikuta maduka yamejaa vitambaa vya Dubai na vya Bara Hindi, na sokoni Kilombero marobota ya mitumba yamefunguliwa chini, watu wameyainamia kama wanaochambua maharage. Mimi pia niliinama. Koti langu la kwanza la kuzuia baridi ya Julai lilitoka humo.

Mwaka wa pili mwalimu wetu wa ubunifu, mama wa Kichaga aliyekagua mishono yetu kwa kuipitishia ukucha, alitupa kazi ya kumalizia masomo.

"Sitaki gauni moja," alisema. "Nataka aina ya nguo ambayo ukitoka hapa utaishi kwayo. Iwe na jina. Niambie nani anaivaa, na niambie kila kitu kilichomo kimetoka wapi."

Wenzangu karibu wote walichagua magauni ya harusi, na hawakukosea, maana Arusha kila Jumamosi kulikuwa na harusi. Mimi nilisema nitashona nguo za kushindia nyumbani. Darasa likacheka. Nami nilicheka, mkono mdomoni kama kawaida yangu kwa sababu ya haya meno yetu yaliyotiwa kahawia na maji ya Meru, lakini sikubadili.

Nilimweleza mwalimu kwamba pamba itakuwa ya Usukumani, imesokotwa na kufumwa kiwandani hapahapa mjini. Rangi nitaitoa kwenye magome ya miwati na maganda ya vitunguu. Vifungo vitakuwa vya pembe za ng'ombe, kutoka kwa mzee mmoja aliyevichonga nyuma ya machinjio. Hakuna kitu kitakachovuka mpaka kuja kwangu, na nguo ikichakaa itarudi niikate upya. Siku hizi vijana wana maneno maalumu ya mambo hayo na wanafundishwa kwenye semina. Mimi sikuwa na neno. Nilikuwa na hasira kidogo tu, ya kuona kiwanda kinapoa huku sisi wote tumeinama Kilombero.

"Na jina lake?" mwalimu aliuliza.

"Jioni."

Aliandika kwenye daftari lake bila kuinua macho. "Haya. Jioni."

Aliyekubali kushirikiana nami alikuwa mwanafunzi mmoja tu, binti wa Kibosho, ambaye mama yake alikuwa na meza ya mitumba Kilombero. Alikuwa na mkono wa kukata kuliko sisi sote. Mkasi wake ukishaingia kwenye kitambaa haukusita. Nilimuuliza kwa nini anakuja kwangu wakati kwao wanakula kwa mitumba.

"Nimechoka na ile harufu," alisema. "Ile dawa wanayopuliza. Nikivua nguo usiku ninayo, nikiamka ninayo."

Tulikwenda pamoja kwenye duka la kiwandani kununua marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Muuzaji alikuwa amelalia meza. Alituuliza mara mbili kama kweli ni marekani tunayotaka, au tumetumwa na mtu wa kushona magunia. Jora letu la kwanza tulilibeba begani, mmoja mbele na mwingine nyuma, tukatembea nalo hadi chuoni, na nakumbuka tulikuwa tunacheka njia nzima.

Rangi tulikwenda kuchemsha Akheri. Mama alituonyesha miwati iliyokuwa imekatwa mpakani mwa shamba, akatutafutia sufuria kubwa ya kupikia harusini, akawasha moto nje. Alidhani tunacheza. Nilipomwaga maganda ya vitunguu kwenye sufuria ya pili aliniuliza kwa Kimeru kama chuoni wanatulipa kwa kuwapikia takataka. Lakini kitambaa kilipotoka kwenye maji ya magome kimeshika ile kahawia nyekundu, kama udongo wa njia ya kwetu baada ya mvua, alisogea karibu. Alishika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukakamua.

Nguo ya kwanza ya Jioni nilimshonea yeye. Gauni refu la mikono mirefu, lenye kitambaa cha tabaka mbili kifuani na mgongoni kwa ajili ya baridi, na mfuko mkubwa wa mbele wa kuweka miwani na kitabu cha nyimbo. Alilivaa akatoka nalo uani, akaketi kwenye kigoda, akainuka, akaketi tena. Kisha alisema, "Sasa nikilivaa hili nifanye nini?"

"Usifanye kitu, mama. Kaa tu."

Alikaa. Nadhani alikaa muda wa kuchemka chai, ndipo akakumbuka kuku. Nilirudi mjini nikiamini nimepata kazi ya maisha yangu.

Siku ya maonyesho ya chuo tulitundika mavazi kumi na mawili ukutani. Wageni walikuwa wake za wachungaji, walimu, wamama wafanyabiashara wa mjini. Walizishika nguo zetu, wakazigeuza ndani nje, wakasifu mishono. Mama mmoja mwenye duka la vipuri aliniuliza zinavaliwa wapi.

"Nyumbani, mama. Ni nguo za kukaa."

"Mimi nikiwa nyumbani sikai," alisema, wala hakuwa na ubaya. Mwenzake aliongeza kwamba magauni ya kulalia yapo tele mitumbani, laini kuliko haya, tena yana maua. Jioni ile tuliteremsha nguo zote kumi na mbili. Rafiki yangu alizikunja bila kunitazama.

Kama wiki mbili baadaye, dada mmoja alikuja chuoni akaulizia "yule anayeshona nguo za kukaa." Alikuwa mtu mzima, amejifunga kitenge, mkononi kikapu. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nina kaka yangu pale Themi," alisema. "Yeye anakaa tu."

Aliyasema hayo akitazama cherehani. Nilichukua futi na daftari nikamfuata.

Kaka yake alikuwa kwenye chumba kimoja safi, kitanda kimesogezwa dirishani. Sikumbuki nilitarajia nini. Nakumbuka kwamba nilipomzungushia futi kifuani, mikono yangu ilikutana upesi kuliko ilivyopaswa. Alikuwa na umri ambao kwetu mtu bado anaitwa kijana. Alinyoosha mkono kwenye gauni la mfano nililokuja nalo, akalisugua kati ya vidole viwili, akalileta karibu na macho.

"Hii ni ya kwetu," alisema.

Dada yake alinieleza: alikuwa fundi wa mashine za kufuma kule kiwandani, miaka mingi, hadi walipopunguza watu.

"Unaona huu mstari?" aliniuliza. Sikuuona hadi alipouweka kwenye mwanga. "Hapa mashine ilikatika uzi, mtu akaunga, akawasha tena bila kurudisha nyuma. Zamani jora lenye mstari kama huu lisingetoka mlangoni."

"Na sasa?"

"Sasa linatoka. Nani aangalie?"

Alivyolitazama gauni lile, hakuna mwalimu aliyewahi kutazama kazi yangu namna hiyo. Alisema vifungo viondoke, maana akilala ubavu vitamchoma. Niweke kamba za kufunga, tena zifungwe pembeni, si mgongoni. Mishono iwe upande wa nje, kwa sababu ngozi yake ilikuwa haivumilii tena. Upande mmoja uwe wazi kuanzia kwapa hadi chini, ili dada yake aweze kumbadilisha bila kumwinua. Na kabla ya kukata, nikifue kitambaa kwa maji ya moto mara tatu, nikitwange kidogo kwa mchi kikiwa kibichi, kitalainika.

"Wewe ulitaka watu wapumzike," alisema nilipokuwa nakunja futi. "Utapata wateja."

Nilidhani ananitia moyo. Dada yake aligeuka akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

Nilimshonea mavazi mawili kama alivyosema, na baada ya siku chache dada alirudi kuniambia kwamba kaka amelala usiku mzima. Hakuniambia zaidi. Lakini lazima aliwaambia wengine, kwa sababu walianza kuja. Mama kutoka Sekei, ana mke wa mwanawe kitandani. Mzee wa Kiarusha kutoka upande wa magharibi wa mlima, mwenye ng'ombe wengi na shuka zuri begani, ana vijana wawili ndani. Mwalimu wa shule ambaye hakusema nguo ni ya nani, na vipimo alivyotoa vilikuwa vyake mwenyewe. Hakuna aliyetaja ugonjwa. Walisema ni kifua, au ni malaria iliyokataa dawa, au amefanyiwa kitu na watu. Sisi hatukuuliza. Tuliuliza urefu, na kama anaweza kuketi.

Baada ya vipindi vya mchana rafiki yangu na mimi tulibaki karakanani tukikata. Mwezi ule mmoja tulishona nguo nyingi kuliko mwaka mzima uliotangulia. Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, watu walikuwa wanaulizia kitu nilichokibuni mimi, na jora la tatu lilikuwa linaisha. Halafu nilikuwa nakaa kwenye cherehani nakumbuka ni kwa sababu gani wanaulizia, na mguu unasimama juu ya pedali.

Mwalimu alitukuta siku moja. Aliokota nguo mojawapo, akaona mishono ya nje na kamba za pembeni, akaishika muda mrefu.

"Unajua unachoshona?"

"Najua, Mwalimu."

"Kwenye kazi yako nilitaka uniambie nani anaivaa. Utaandika nini?"

"Nitaandika watu wanaokaa nyumbani."

Aliirudisha mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Kwetu Machame nina mdogo wangu," alisema, kisha akasema tufunge madirisha tukimaliza, akatoka. Siku tatu baadaye aliniachia karatasi yenye vipimo chini ya cherehani yangu, bila jina.

Mjini maneno yalianza. Chuoni kwanza, halafu nje. Msichana wa mwaka wa kwanza alinikuta nimevaa blauzi niliyojishonea kwa masalio ya kitambaa kilekile, akaniuliza polepole kama naumwa. Rafiki yangu aliambiwa na mama yake aache. Aliniambia hilo tukiwa tumesimama nje ya karakana, manyunyu yanaanguka, yale ya Juni yasiyokatika.

"Mama anasema wanunuzi pale mezani wameanza kuuliza mikono yangu inashika nini."

"Inashika marekani," nilisema.

"Najua. Yeye pia anajua. Lakini ana wadogo zangu wanne wa kusomesha." Alifuta manyunyu usoni. "Na anasema nani ataniposa."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nimechoka kuandika vipimo halafu mtu asije kuchukua nguo."

Hilo lilikuwa kweli. Tulikuwa na rafu nzima ya nguo zilizokamilika ambazo wenyewe hawakuzifuata, na tulishaacha kuulizana kwa nini. Alinipa mkasi wake, ule mzuri, akasema nikae nao hadi mitihani. Kuanzia hapo nilikata peke yangu, na mishono yangu ilionyesha hivyo.

Nilikwenda Akheri mwisho wa juma ule ili nimwone mama. Nilimkuta amevaa ile sketi ya sare yangu na sweta la baba. Gauni la Jioni lilikuwa kitandani kwangu, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa.

Alinikaribisha loshoro, akasubiri nimalize kula.

"Mwanangu," alisema, "wamama wa kanisani walikuja. Walikuja na unga na sukari, wakaomba. Waliomba muda mrefu. Mimi nilidhani wanamwombea nani, kumbe mimi."

"Uliwaambia huumwi?"

"Niliwaambia. Mmoja akanishika mkono akasema wote husema hivyo."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Aliendelea kusema kwamba gauni ni zuri, linampa joto, hana neno nalo. Lakini jirani alikuwa ameacha kumwazima ungo, na mjukuu wa jirani alikuwa amezuiwa kuja kunywa maziwa kwetu. "Mimi ni mjane," alisema. "Nikiishi hapa bila watu nitaishije?"

Nililichukua gauni nikaliweka chini ya nguo zangu kwenye begi. Njiani kurudi mjini nilijaribu kuwakasirikia wale wamama na hasira haikuja. Walikuwa wamezika wengi mwaka ule, na kitambaa cha kahawia chenye tabaka mbili walikuwa wamekiona mara nyingi, ndani ya nyumba walizokwenda kuomba.

Dada wa yule fundi alikuja siku ya Jumatano. Nilipomwona amevaa kaniki nilielewa kabla hajafika mlangoni. Tulikaa kwenye benchi la nje. Alitoa kwenye kikapu mavazi yale mawili ya kaka yake, yamenyooshwa vizuri.

"Nimeyafua kwa maji ya moto," alisema. "Wengine wameniambia niyachome. Nimeshindwa. Yeye ndiye aliyekuonyesha namna ya kushona."

"Pole sana, dada."

"Alisema ukifika mwisho wa jora urudi umwambie kama kuna mistari mingine. Alikuwa anataka kujua ni mashine ipi." Alifuta uso kwa upindo wa kaniki. "Kama kuna mtu hana, mpe."

Niliyapokea. Kwa siku kadhaa yalikaa kwenye mfuko chini ya meza yangu. Nilishamuuliza muuguzi mmoja wa hospitali, naye aliniambia wazi kwamba ugonjwa ule haukai kwenye nguo iliyofuliwa, hivyo sikuwa na hofu kwa ajili yangu wala ya mtu mwingine. Nilichohofia ni midomo ya watu.

Kisha alikuja baba mmoja kutoka ng'ambo ya mlima, mkulima, viatu vya matairi, amesafiri tangu alfajiri. Binti yake alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam kwa basi, hawezi kutembea. Alikuwa ameuza mbuzi kulipia hospitali na hakuwa na cha kuninunulia nguo, alitaka tu kujua kama naweza kumpa kitambaa kidogo chenye kasoro, mkewe atashona kwa mkono. Nilimwambia arudi keshokutwa. Nilichemsha magome kwenye jiko la mkaa nyuma ya bweni, nikayatia yale mavazi mawili rangi ya pili, nzito zaidi, nikatia shabu ili ishike, nikaziba sehemu moja iliyofumuka, nikabadilisha kamba.

Baba yule alizishika nguo zile kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa kubatizwa.

"Ni mpya?" aliuliza.

"Ni mpya, baba," nilisema.

Nimejieleza sana tangu siku ile. Kwamba angeambiwa ukweli asingezichukua, na binti angelala na kanga moja katika baridi ya kule juu. Kwamba hakukuwa na madhara. Yote ni kweli na bado nilimdanganya mtu mzima aliyeniuliza swali la wazi.

Alirudi baada ya wiki chache, na yeye pia sikuhitaji aniambie. Alikuja kushukuru. Alikuwa ameniletea ndizi mkungu mmoja, ameubeba mwenyewe. "Tulimzika nayo ile moja," alisema. "Mama yake alisema angalau hilo. Tumemzika na nguo mpya." Niliupokea ule mkungu. Aliniaga akaondoka, na zile ndizi wenzangu bwenini walizipika, zikaliwa zote, mimi sikula.

Kiwanda hakikufa siku moja. Kwanza duka lilifunguliwa siku tatu kwa juma. Kisha lilikuwa na aina moja tu ya kitambaa, halafu marekani ikawa nyembamba na ile mistari ikawa kila baada ya mita mbili. Ningependa kumwuliza mtu ni mashine ipi. Siku moja nilimkuta mlinzi amekaa nje ya lango lililofungwa mnyororo, akaniambia hakuna kitu, binti, hakuna hata uzi. Watu walisema kitauzwa, kuna mwekezaji anakuja. Nilikwenda mara mbili zaidi kama mtu asiyesikia anachoambiwa.

Nilijaribu kitambaa cha kutoka nje. Dukani kilikuwa laini, lakini ulaini wenyewe ulikuwa wanga mtupu. Nilikifua mara tatu kwa maji ya moto kama nilivyofundishwa, kikabaki kama chandarua. Magome hayakukishika, kwa kuwa nusu yake haikuwa pamba. Nilishona nguo nne kwa kitambaa kile, zikaniaibisha, nikaacha.

Kazi yangu ya mwisho niliiwasilisha kama ilivyokuwa. Mwalimu wa nje aliyekuja kusahihisha alisifu wazo la malighafi za hapa nyumbani, akaandika kwamba soko la nguo hizi halijaelezwa vya kutosha. Mwalimu wetu alisoma maneno hayo, akatazama nje dirishani. Mdogo wake alikuwa amezikwa Machame mwezi mmoja kabla. Nilifaulu. Cheti ninacho.

Baada ya hapo nilipata nafasi ya kuweka cherehani kwenye baraza la duka la vyakula. Nilikuwa nashona sare za shule na kupunguza suruali za mitumba kwa watu waliotoka kuzinunua Kilombero. Kazi haikukosekana. Suruali za huko zilikatwa kwa watu warefu.

Walioulizia Jioni waliendelea kuja kwa muda, mmojammoja, wametumwa na mtu aliyetumwa na mtu. Wa mwisho ninayemkumbuka alikuwa mama kutoka Kikwe, mwembamba, amebeba mwamvuli uliovunjika ubavu mmoja. Aliniamkia kwa adabu kunizidi, ingawa alikuwa sawa na mama yangu kwa umri, nami nikaona aibu nikawahi kumpa shikamoo.

"Nimeambiwa kuna nguo unashona," alisema. "Zile za kufunga pembeni."

"Nilikuwa nashona, mama. Sasa kitambaa hakuna."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Alisimama pale. Hakuonekana kukasirika wala kushangaa. Alikuwa mtu aliyekwishaambiwa "hakuna" sehemu nyingi. Niliacha kazi nikampeleka mwenyewe Kilombero, kwa rafiki yangu wa Kibosho, ambaye wakati huo meza ilikuwa imeshakuwa yake. Tulisalimiana kama watu walioachana vizuri. Nilimweleza kinachotakiwa kwa maneno mawili, naye aliinama kwenye robota, akatafuta muda mrefu kuliko anavyowatafutia wateja wengine, akatoa gauni moja la kulalia, zito, la bluu, lenye maua madogo kolani.

Mama wa Kikwe aliligeuza. "Lilikuwa la nani?"

"Hatujui, mama," rafiki yangu alisema. "Wanaoyaleta hawasemi."

Alilikunja akaliweka kifuani chini ya khanga ili lisilowe, akafungua ule mwamvuli wake, akaenda kutafuta gari la Kikwe. Rafiki yangu aliniuliza habari za kazi. Nilimwambia ni nzuri. Kisha nilirudi barazani, ambako wazazi wawili walikuwa wananisubiri na sare za watoto, na kila mmoja alisema yeye ndiye aliyetangulia.